Wakili wa "kubali yaishe", tunamlipa kwa kazi gani hasa?

Wakuu, hasira niliyonayo hata chai haipiti.

Mnamjua. Yule wa suti inayong'aa kama bati jipya, simu tatu mkononi, anatembea korido za mahakama utadhani kazijenga yeye. Leo asubuhi mteja wake wa kesi ya ulevi barabarani kasimama kizimbani, shtaka limesomwa, bwana mkubwa anamwinamia: "Kubali yaishe, kwani hukunywa?" Kwani hukunywa! Mbele ya mama mzazi aliyekuja kumdhamini! Na hati ya mashtaka imekunjwa mara nne, iko kwapani. Kwapani, wakuu.

Kwani kunywa ndiyo kosa? Kikomo ni miligramu 80 za pombe kwa mililita 100 za damu. Tena kuna shtaka la kuendesha umelewa na kuna la kuzidisha kikomo, ushahidi wake ni tofauti. Hilo la pili linasimama kwenye namba. Kwa hiyo unauliza: kipimo kilipulizwa dakika ngapi tangu chupa ya mwisho? Pombe iliyobaki mdomoni inapandisha namba, ndiyo maana inatakiwa kusubiri kama dakika 15. Kama ni damu, nani aliitoa, nani aliifunga lakiri, nani aliipeleka kwa Mkemia Mkuu? Utaanzaje kuuliza wakati hata shtaka lenyewe hujalifungua, liko kwapani?

Na ukishakiri umekwisha. Kwa kawaida rufaa yako inabaki kwenye adhabu tu, ukubwa wake au uhalali wake. Kwani hukunywa!

Mzee wa Bamaga: Alilipwa shilingi ngapi? Kama ni elfu hamsini na soda, kwapa ndiyo ofisi.

Binti Sheria: Mleta uzi, jina lake mmelitafuta kwenye e-Wakili, ule mfumo wa Mahakama wa mtandaoni wenye majina ya mawakili? Wa korido wengine ni vishoka. Wakili wa kweli anaandika mkataba wa ada: ni kutokea siku moja au mpaka hukumu, na akibanwa atakuja nani. Halafu anakata risiti ya EFD, ile mashine ya kodi. Ukimuuliza kifungu cha shtaka akakujibu "mjini hapa tunajuana", panda daladala urudi nyumbani.

Kapteni Tegeta: Sasa mkuu, kwani hakunywa?

Mleta uzi: Nimekujua! Toa hiyo karatasi kwapani!

Fundi Redio: Wakili ni cha mtoto. Gari likilazwa kituoni, andikisheni kila kitu: kilometa, betri, redio, jeki, tairi ya akiba, saiti mira. Piga picha, aliyepokea asaini. Bila hivyo unakabidhiwa bodi.

Mama Nanihii: Saiti mira zinang'olewa hata kwenye foleni mchana kweupe, kituo cha nini? Chora namba ya gari kwenye kioo.

Fundi Redio: Kuchora peke yake hakumzuii mwizi, anauza hivyo hivyo. Piga na riveti.

Mzee wa Bamaga: Riveti ukipiga vibaya unapasua plastiki. Toboa kwanza kwa biti ndogo.

Mleta uzi: Jamani, mama wa watu alikuwa amesimama pale pale!

Kapteni Tegeta: Pole yake. Fundi, riveti ngapi kila upande?