Je, jiwe la sikio la samaki aina ya mkunga linaonyesha ni lini aliingia mtoni?

MwanafunziPangani: Shikamooni walimu wangu. Ninaandaa utafiti wa mkunga, yule samaki mrefu kama nyoka, katika Mto Pangani, na msimamizi wangu amenielekeza nipime strontiamu (madini ambayo kwa kawaida huwa mengi zaidi baharini kuliko mtoni) katika mawe ya masikio yao ili nijue kila mmoja aliingia mtoni akiwa na umri gani. Kwa nini jiwe, na si mfupa wa mgongo ambao ni rahisi kuupata? Na nikikuta strontiamu nyingi, je, hiyo inatosha kuthibitisha kwamba aliishi baharini?

TabakaKwaTabaka: Marahaba. Mfupa haufai kwa kazi hii, kwa sababu samaki akipata njaa mwili wake huchota madini humo na kumbukumbu hupotea. Jiwe la sikio ni kalsiamu kabonati inayoongezeka tabaka juu ya tabaka bila kumomonyolewa, kila tabaka likinasa madini ya maji aliyomo samaki, kwa hiyo kiini chake kina habari za baharini alikozaliwa na ukingo wake una habari za siku alipovuliwa. Mwaka 1998 Katsumi Tsukamoto na wenzake walitumia njia hii wakaonyesha kwamba baadhi ya mikunga wa Japani na Ulaya hawakuwahi kabisa kuingia mtoni, jambo ambalo hakuna wavu ungeweza kutuambia.

MajiNaMiamba: Swali lako la pili ndilo zito. Strontiamu nyingi pekee haitoshi, kwani iko mito inayopita kwenye miamba yenye madini hayo kwa wingi. Chota maji kuanzia mlangoni mwa mto kwenda juu, wakati wa masika na wa kiangazi, upime na bariamu, madini mengine ambayo kwa kawaida huwa nyingi zaidi mtoni. Ukiweza, pima pia uwiano wa strontiamu 87 kwa 86, yaani aina mbili za strontiamu zenye uzito tofauti: baharini ni takriban 0.709 kila mahali, miamba michanga ya volkeno kama ya Kilimanjaro huwa chini ya hapo, na miamba ya kale mara nyingi huwa juu.

MsasaLaini: Ndugu mwanafunzi, nakusihi usihifadhi vichwa vya samaki katika fomalini, ile dawa ya maji ya kuzuia kuoza. Mimi nilifanya hivyo, na nilipopasua fuvu nikakuta mawe yameliwa na asidi, meupe kama chaki na yasiyo na ukingo. Yatoe siku hiyohiyo, yasafishe, yakaushe, kisha yaweke kwenye vichupa vikavu.