Tupeane uzoefu: makaratasi ya mzee yalikuwa wapi alipofariki?

Assalam aleikum na habari zenu nyote. Baba yangu alifariki alfajiri, na baada ya swala ya adhuhuri tukamzika. Ila asubuhi ile, kabla hajaoshwa, mimi nilikuwa nimepiga magoti chini ya kitanda chake natafuta kitambulisho, maana alifia nyumbani na naibu wa chifu alikitaka ndipo aandike kibali cha mazishi. Nilikikuta ndani ya mfuko wa koti asilolivaa miaka.

Mazito yalikuja baadaye. Nyumba yetu ya Majengo, Mombasa, ni nyumba bila ardhi: kuta na paa ni zetu, kiwanja ni cha wenyewe, nasi twalipa kodi ya ardhi. Hati miliki hatuna. Ushahidi wetu wote ni risiti za kodi ile na karatasi ya mauziano waliyoandikiana babu na aliyemuuzia. Mzee alijua zilipo, sisi watoto sita hatujui. Zilipatikana wiki ya saba, kwa shangazi yangu Likoni, ndani ya mkebe wa biskuti, na za miaka mitatu zimeliwa na mchwa. Mama alikuwa eda, akikaa ndani kwa kufiwa na mume miezi minne na siku kumi, na ndiye peke yake aliyewakumbuka waliokuwa wakija kuchukua kodi. Basi mimi nikawa mtu wa kwenda na kurudi na maswali kila jioni.

Kwenu ilikuwaje?

Wa Kisauni:
Pole sana ndugu yangu. Kwetu shida ilikuwa jina. Kitambulisho kinasema Mohamed, hati ya shamba inasema Muhammad, na benki wameongeza jina la babu. Cheti cha kifo kikafuata kitambulisho, na kila ofisi ikatuuliza kama ni mtu mmoja. Wakili akatuandikia hati ya kiapo, baadhi ya ofisi wakaikubali, nyingine wakataka zaidi. Aliye na mzazi hai amchukue akaape mwenyewe. Yeye akisema ni jina lake, hakuna wa kumbishia.

Mjane, Changamwe:
Mume wangu alifanya kazi bandarini miaka 22. Kwenye sacco, aliyeandikwa kupokea akiba yake ni mamake, tangu kabla hatujaoana, na mama mkwe alikuwa ametangulia. Kubadilisha jina lile ni fomu ya ukurasa mmoja. Kwa kuwa haikujazwa, nilianza na barua ya chifu yenye majina ya warithi wote, nikaenda mahakamani, ombi likatangazwa kwenye gazeti rasmi la serikali siku 30, kisha nikangoja miezi sita ndipo hati ya usimamizi wa mali yake ithibitishwe. Karo ya watoto watatu haikungoja. Nilimkasirikia marehemu, nasema kweli, na nikalia kwa kumkasirikia.

Wa Mikindani:
Sisi ni Wakristo. Baba aliandika wosia, shahidi mmoja akawa kakangu, na humo humo kakangu ameachiwa kiwanja. Kwa Sheria ya Urithi, shahidi akiachiwa kitu, alichoachiwa hubatilika, isipokuwa wosia umeshuhudiwa pia na wengine wawili wasio na fungu. Hawakuwepo. Nia ya baba sote twaijua, na kaka amekosa.

Mzee wa Kuze:
Wanangu, nina miaka 71 na nasoma haya nikijiona mimi ndiye ninayetafutiwa kitambulisho. Kwetu Waislamu watu hukimbilia kuuliza nani apata nini. Mafungu yako wazi, na wasia hauzidi theluthi wala hapewi mrithi mpaka wenziwe waridhie. Lakini kabla ya yote hayo hutoka gharama za maziko, kisha madeni. Nani ajua madeni yangu kama sikuyaandika? Nimenunua daftari. Nimeandika ninaowadai, wanaonidai, amana ya jirani iliyo kabatini kwangu, na mahari ya mke wangu niliyobakisha tangu 1979. Hakunidai hata siku moja. Ni deni vilevile. Binti yangu ajua daftari lilipo, na ami yake pia.

Mwenye mada:
Shukran, mzee wangu. Nimemsomea mama ulichoandika. Amenyamaza kitambo, kisha akaniambia anamdai baba nusu ya mahari, deni ambalo hakuwahi kulitaja kwa mtu. Tulikuwa tugawane Jumamosi. Nimewapigia ndugu zangu tusimame kwanza, tumlipe yeye.