Sherifu kuwa ndiye korona, nyie mnaionaje?

Ndugu zangu naomba tulijadili hili, hasa tulioko huku California. Korona (siyo ule ugonjwa) ndiye mtu wa kaunti anayeamua mtu kafa na nini na kafaje, kifo cha kawaida, ajali, kajiua, kauawa au haijulikani. Sasa huku kaunti ziko 58 na kwenye 48 hivi sherifu, yaani mkuu wa polisi wa kaunti, ndiye korona huyohuyo; mtu anaendesha jela, mfungwa akifia selo, ofisi yake ndiyo inaandika kilichomuua. Kesi ya nyani hakimu ngedere kabisa!

Na madaraka yenyewe si madogo. Mzee wetu mmoja alifia usingizini nyumbani, watu wa korona wakaja, mmoja akakaa meza ya jikoni akamwaga vidonge vya mzee kwenye karatasi anahesabu kimoja kimoja, chupa baada ya chupa, sisi tumesimama na sanda tayari. Ruhusa ya familia hawakuomba maana sheria haiwalazimishi, wakiona haja ya kupasua maiti wanapasua. Mimi hilo silipingi, kifo cha ghafla lazima kiulizwe, ila ndo maana nauliza anayeuliza ni nani.

Kuna ndugu jana kasema kutenganisha ofisi ya korona na ya sherifu ni gharama, kaunti ndogo hazina hela ya daktari. Sawa, si zichangie daktari mmoja kaunti tatu nne? Kaunti ya San Joaquin mwaka 2017 Dkt. Bennet Omalu, yule Mnigeria aliyefichua ugonjwa wa ubongo kwa wachezaji wa NFL (ligi ya mpira wa Kimarekani), aliacha kazi akilalamika sherifu anaingilia majibu yake, hasa ya waliokufa mikononi mwa polisi. Daktari anapasua, sherifu anaamua kiitwe ajali! 2018 kaunti ikazitenga hizo ofisi, lakini muswada wa kutenganisha jimbo zima ukafia Seneti ya California 2022.

Na nyumbani Kenya, Juni 2025 bloga kafia selo Nairobi, polisi wakasema kajigonga ukutani, madaktari wakapasua wakakuta kapigwa na shingo imekabwa. Wewe unayesema gharama nijibu hili tu, wale madaktari wangekuwa chini ya mkuu wa kituo kile, familia ingeambiwa nini?