Tupeane uzoefu: kuandaa ruta na simu ya mezani kabla mtambo wa zamani haujazimwa Uingereza

Mfungua uzi

Wadau mlioko Uingereza, tarehe ya kuzimwa mtandao wa zamani wa simu za mezani ni 31 Januari 2027. Mwanzo ilikuwa Desemba 2025, ikasogezwa, na wapo wanaoamini itasogezwa tena. Msijipe moyo hivyo. Kampuni zinahamisha wateja kwa awamu, kwa hiyo zamu ya nyumba yako inaweza kufika mapema.

Kinachochanganya wengi ni hiki: kinachozimwa ni huduma ya simu, si lazima waya wenyewe. Nyumba ambayo faiba haijaifikia itaendelea kupata intaneti kwa waya uleule wa shaba kutoka kabati la mtaani. Ila mlio wa simu hautatoka tena ukutani, utatoka nyuma ya ruta. Na laini ya zamani ilikuja na umeme wake, takriban volti 50 kutoka kituo cha simu, ndiyo maana simu ya waya iliita hata mtaa mzima ukiwa gizani. Ruta haina umeme wa kwake.

Wenye ujuzi karibuni. Tuwe mahususi: waya gani, betri kiasi gani, nini huungua na kwa nini.

FundiSoketi

Naanza na soketi, maana hapo ndipo vifaa vinaungua.

Mwenye simu moja hana kazi kubwa. Geuza ruta uangalie nyuma: tundu la simu mara nyingi limefunikwa kistika, ndiyo maana watu husema ruta yao haina. Bandua, chomeka simu, subiri mlio. Baadhi ya ruta zina tundu pana la simu la Uingereza, nyingine zina tundu dogo la RJ11 na zinahitaji adapta.

Kazi ipo kwa mwenye soketi vyumbani anayetaka ziendelee kutumika. Inawezekana kurudisha mlio kutoka ruta kwenda kwenye nyaya za ndani, lakini KWANZA nyaya hizo zitenganishwe na laini ya nje. Ukichomeka tundu la simu la ruta kwenye soketi ambayo bado ina laini hai, unakutanisha umeme wa ruta na volti 50 za kituo. Simu ikipigwa, volti zinapanda zaidi. Tundu la ruta linaweza kufa hapo hapo, na intaneti ikaendelea kama kawaida, hivyo usigundue hadi siku unayohitaji kupiga.

Jinsi ya kutenganisha: nenda kwenye soketi kuu, pale laini ya nje inapoingia nyumbani. Zile za aina ya NTE5A zina skrubu mbili mbele na nusu ya chini ya kifuniko inatoka. Za NTE5C hazina skrubu mbele, unabana pembeni kifuniko kinaachia. Nyuma ya kifuniko hicho utaona nyaya za vyumbani zimebanwa kwenye namba 2 na 5, pengine na 3. Piga picha kwanza. Kisha zitoe, zifunge kila mmoja peke yake na tepu ya umeme, rudisha kifuniko. Nyaya zilizobaki ndani zaidi, upande wa ukuta, ni za Openreach, kampuni inayosimamia laini za nje. Hizo usiziguse. Baada ya hapo, waya mmoja kutoka tundu la simu la ruta hadi soketi yoyote ya chumbani, na vyumba vyote vinapata mlio.

Tatizo linalofuata: unaweza kupiga, lakini simu za zamani haziiti. Kengele zake zilitegemea kapasita iliyo ndani ya soketi kuu, kupitia waya namba 3, na sasa soketi kuu haimo kwenye mzunguko. Dawa ni adapta yenye kapasita ndani, ya mikrofaradi 1.8. Dukani huwa kuna adapta mbili zinazofanana kwa sura, moja ina kapasita na nyingine haina, kwa hiyo soma maelezo, usinunue kwa macho.

Na hesabu simu zako. Chini ya kila simu kuna namba ya REN, yaani kipimo cha mzigo wa kengele yake kwenye laini, kwa kawaida 1. Laini ya zamani ilibeba jumla ya 4. Ruta nyingi hubeba pungufu. Simu nne za kengele zikiita kwa unyonge au zisiite kabisa, chomoa mbili ujaribu tena kabla ya kulaumu ruta.

BetriKamili

Upande wa umeme, msinunue kwa namba iliyoandikwa kwenye boksi. UPS (betri ya akiba) ndogo ya volti 12 iliyoandikwa mAh 10,000 inahesabiwa kwa volti 3.7 za seli zake, yaani saa-wati 37, si 120. Toa hasara ya kupandisha volti, baki na kama 31.

Sasa matumizi: chaja ya ruta ikiandikwa volti 12, ampea 2, hiyo ni wati 24 za juu kabisa. Kwa kawaida ruta hula karibu 10. Wenye faiba waongeze kile kisanduku cheupe cha ukutani, karibu wati 5. Jumla 15, kwa hiyo UPS hiyo inakupa kama saa mbili. Betri ya risasi ya volti 12, Ah 7, ina saa-wati 84, lakini hesabu nusu ili isife mapema: karibu saa tatu kasoro.

Kosa kubwa ni kuweka betri kwenye ruta na kusahau kisanduku cha faiba. Ruta inawaka taa zote, simu haina mlio. Kosa la pili ni simu isiyo na waya: kitako chake nacho kinahitaji umeme. Weka simu moja ya waya ya kawaida kwa ajili ya dharura, hiyo inakula umeme wa ruta tu.

Pini za umeme za ruta nazo zina vipimo: nje milimita 5.5, ndani 2.1 au 2.5. Plagi ya 2.5 kwenye pini ya 2.1 inaingia lakini inacheza, na ruta itakuwa inajizima na kuwaka kila ukiigusa. Hakikisha pia chanya iko katikati.

Kwa faiba, njia kati ya nyumba na kituo haihitaji umeme mtaani. Kwa shaba, kabati la mtaani lina betri zake na zina kikomo, hivyo UPS ya saa kumi nyumbani haitakusaidia kabati likizima.

Msiogope kudai haki: Ofcom, msimamizi wa mawasiliano Uingereza, inataka kampuni impe njia ya kupiga 999 (namba ya dharura) kwa angalau saa moja umeme ukikatika, bila malipo, mteja anayeitegemea simu ya mezani, kwa mfano asiye na mtandao wa simu ya mkononi nyumbani. Mwambieni mtoa huduma hali yenu mapema.

MtunzaWazee

Kama mzazi ana kitufe cha dharura cha shingoni, msihamishe laini kabla ya kuongea na kampuni inayopokea kengele hizo. Vifaa vya zamani hutuma ishara kwa milio, na milio hiyo inaweza kuharibika ikipita kwenye intaneti. Nyumba ina kitufe lakini namba imesajiliwa kwa jina la mtoto? Mtoa huduma hatajua msipomwambia. Siku ya kuhama, bonyezeni kitufe mpaka mtu ajibu. Taa ya kijani pekee haitoshi.

Mwanamtandao

Kwa wanaotumia adapta yao ya SIP (inayounganisha simu ya mezani na intaneti) badala ya tundu la simu la ruta ya kampuni: sauti ikisikika upande mmoja, zima kwanza SIP ALG kwenye ruta, kipengele kinachobadilisha ujumbe wa simu unaopita. Simu ikipiga nje lakini haipokei baada ya dakika chache, ruta inafunga njia. Weka adapta itume ujumbe wa kuamsha kila sekunde 30. Mazungumzo ya G.711 (njia ya kawaida ya kugeuza sauti kuwa data) yanakula kama kilobiti 87 kwa sekunde kila upande, hivyo sauti ikikatika angalia upande wa kupakia, hasa picha za simu zinapojihifadhi mtandaoni. Na sajili anwani sahihi ya nyumba kwa mtoa huduma, maana 999 wataiona hiyo, hata kama adapta umeihamishia nyumba nyingine.

FundiSoketi

Nyongeza kwa wanaohamisha namba: usikate laini ya zamani mwenyewe. Agiza kampuni mpya iombe namba, laini ya zamani itajifunga namba ikishavuka. Ukikata kwanza, namba inaweza kupotea.

Ikishavuka, piga majirani kwa namba kamili pamoja na msimbo wa eneo, kwa sababu namba fupi hazipiti kwenye huduma nyingi mpya. Kisha fungua kile kitabu cha namba ndani ya simu na urekebishe kila moja.