Naomba ushauri: tangi langu la kwanza la samaki wa maji ya chumvi

Habari zenu wakuu. Nipo Dar, nina tangi la kioo la lita 120, sasa lina wiki ya sita. Kipimo cha chumvi ni 1.025, joto 26 hadi 27. Nilisubiri mpaka amonia na nitraiti (zile sumu zitokanazo na uchafu kwenye maji) zikasoma 0, ndipo nikaingiza konokono watatu na samaki wawili, wale wa rangi ya chungwa wenye mistari myeupe.

Mmoja anakula vizuri. Yule mdogo ndiye ananinyima usingizi: anadaka chembe ya chakula kikavu, anaitafuna kidogo, kisha anaitema. Leo siku ya nne, na tumbo limeanza kubonyea. Muuzaji aliniambia nimwage chakula kingi mara tatu kwa siku. Nilijaribu, kesho yake amonia ikapanda, nikabadilisha lita 25 haraka haraka.

Nafikiria kumpa kamba wabichi wa pale soko la samaki la Feri, niwasage laini na kuwasuuza. Je, ni salama, au niwagandishe kwanza? Na konokono wakishamaliza ule utando wa kahawia kwenye kioo, niwape nini? Jamani, sitaki kuwapoteza viumbe hawa.