Shule za Arusha na Moshi, barua ya daktari mnaidai ya nini kama inaishia kwenye faili?

Wakuu, nafungua uzi huu nikiwa na hasira na sitaificha. Unahusu watoto wa awali mpaka darasa la tatu wenye ADHD, yaani hali ya ubongo inayomfanya mtoto ashindwe kutulia na kuzingatia, wale ambao kuanzia Ngaramtoni mpaka Usa River, na kule Moshi kuanzia Pasua mpaka Soweto, wanaitwa watukutu, wazembe, "huyu hana adabu".

Mtindo ni uleule. Shule inamwita mzazi: mtoto hatulii, hamalizi kazi, anasumbua wenzake, mpeleke hospitali ulete barua. Mzazi anaomba ruhusa kazini, anakaa foleni KCMC au Mount Meru, anarudi tena na tena, maana hali hii haina kipimo cha damu wala picha ya kichwa. Barua inapatikana. Mwalimu mkuu anaisoma, anaitoboa matundu mawili, anaipachika kwenye faili. Jumatatu mtoto yuko palepale, dawati la nyuma karibu na mlango, na mwalimu wa kipindi cha pili hajui hata kama kuna barua. Mliidai ya nini?

Na hiyo barua mara nyingi shule yenyewe ndiyo inaichelewesha. Daktari hawezi kusema ni ADHD kwa kumwona mtoto dakika ishirini ofisini. Dalili lazima ziwe zimedumu angalau miezi 6, zionekane sehemu zaidi ya moja, yaani nyumbani na shuleni, na ziwe zilianza kabla ya miaka 12. Kwa hiyo anatuma fomu kwa mwalimu. Ile ya Vanderbilt inayotumika sana ina maswali 43 upande wa mwalimu. Kinachofanyika: mwalimu anashusha alama za vema safu moja kutoka juu mpaka chini ndani ya dakika mbili, au anamwambia mama "jaza tu mimi nitasaini", au inajazwa na mkuu wa shule ambaye hamfundishi mtoto. Fomu ya namna hiyo haimwonyeshi daktari kama mtoto hasikii vizuri, halali vya kutosha, au ana kifafa cha kuzubaa, kile cha kukodoa macho sekunde chache mara nyingi kwa siku. Ajaze mwalimu aliyemfundisha wiki kadhaa, na pembeni aandike inatokea kipindi gani.

Sasa adhabu. Inayoniudhi kuliko zote ni kumnyima mtoto mapumziko kwa sababu hakumaliza kazi. Mnamnyima kitu kinachomsaidia kutulia kipindi kinachofuata, halafu kipindi hicho mnamwandika tena kwamba kasumbua. Kupiga magoti nje ya darasa nako kunampa alichokuwa anakitafuta bila kujua, yaani kuondoka kwenye kazi ngumu. Na fimbo? Kanuni za adhabu ya viboko shuleni za mwaka 2002 zinasema zisizidi nne, apige mkuu wa shule au mwalimu aliyempa idhini ya maandishi, umri na afya ya mtoto vizingatiwe, na iandikwe kwenye kitabu. Muulizeni mwalimu wa zamu anayetembea na fimbo kwapani: kitabu kiko wapi?

Mtoto huyu kanuni za darasa anazijua, muulize atakutajia zote. Kinachomponyoka ni kuzikumbuka kwenye ile sekunde ya kutenda. Ndiyo maana ile kauli ya "anaweza akitaka, mbona kuchora anatulia" ni ya kutojua. Kinachompendeza kinamshika, kisichompendeza hakimshiki hata akijilazimisha, na jana aliweza leo ameshindwa. Kuyumba huko ndiko tatizo lenyewe.

Msaada wenyewe hauhitaji mfadhili. Akae mbele, mbali na mlango na dirisha, lakini asigeuzwe aangalie ukuta peke yake kama mfungwa. Kwenye dawati la watatu akae pembeni, asiwe katikati, ili akisimama asiwavuruge wenzake. Agizo moja kwa wakati mmoja, kisha alirudie kwa mdomo wake. "Toeni madaftari, andikeni tarehe, fungueni ukurasa wa 14, fanyeni namba moja mpaka kumi" ni maagizo manne, yeye kabaki na la kwanza. Hesabu kumi zikatwe: tano, mwalimu aone, anyanyuke akagawe madaftari au afute ubao, arudi kwenye tano zilizobaki. Kipindi cha darasa la kwanza ni dakika 30. Usitegemee akae zote mfululizo. Kunakili ubaoni kunamla zaidi, kwa sababu kila akiinua macho anapoteza alipoishia, kwa hiyo mwandikie sentensi mbili kwenye daftari lake aendelee.

Miguu isiyotulia ina dawa rahisi. Kata ukanda wa mpira wa ndani wa baiskeli, ule anaoutupa fundi, ufunge kati ya miguu ya mbele ya dawati, usawa wa kifundo cha mguu wa mtoto. Atausukuma kwa nyayo huku mkono unaandika. Ukilegea utamnasa kiatu aanguke. Dawati likiwa linayumba litagonga sakafu darasa zima ligeuke, kwa hiyo kwanza kazeni dawati.

Halafu kuna kadi ya kila siku, na hapa ndipo shule chache zinazojaribu zinapoharibu. Mambo matatu tu, yanayoonekana kwa macho: nimeanza kazi nilipoambiwa, nimenyoosha mkono kabla ya kusema, nimebaki kwenye nafasi yangu. "Kuwa mtoto mzuri" halihesabiki. Mwalimu anatia vema mara mbili, kabla ya mapumziko na kabla ya kwenda nyumbani. Siku nne za kwanza hesabu tu bila zawadi, uone anapata ngapi, kisha weka lengo hapohapo au juu yake kidogo ili siku nyingi afaulu. Zawadi itolewe nyumbani jioni ileile, hata nusu saa ya mpira. Ukisubiri Ijumaa umemkosa, kwake Ijumaa ni mwakani. Vema aliyoipata usiifute kwa kosa la baadaye. Akiichoka baada ya wiki mbili tatu, badilisha zawadi, kadi iache.

Na msiseme hamna utaalamu. Chuo cha Ualimu Patandi, kinachofundisha walimu wa elimu maalumu, kiko Tengeru, pembeni ya barabara hiihii ya Arusha–Moshi. Mmewahi kwenda kuuliza?

Wazazi, mkipeleka barua ya daktari, siku hiyohiyo ombeni kwa maandishi kikao na mwalimu wa darasa na mwalimu wa malezi. Mtoke na karatasi moja: nini kitafanyika, nani atafanya, tarehe ya kuangalia tena baada ya wiki sita. Nakala ibaki kwenu, nyingine ibandikwe ndani ya jalada la mahudhurio ili kila mwalimu anayeingia aione. Wakikataa, nendeni kwa afisa elimu kata, kisha afisa wa elimu maalumu wa halmashauri. Wathibiti ubora wa shule nao waandikiwe. Sheria ya Watu wenye Ulemavu ya 2010 inazungumzia shule za umma na za binafsi, kwa hiyo wale wa "tunakushauri utafute shule inayomfaa", katikati ya muhula na ada imeshaliwa, nao inawahusu.

NYONGEZA: Walimu wawili wameuliza hapo chini, darasa la watoto 90 nitafanyaje hayo? Swali la haki. Agizo mojamoja na hesabu tano tano vifanyeni kwa darasa zima, hakuna mtoto atakayedhurika. Kiti cha mbele kibaki cha mtoto huyu. Kadi ni vema sita kwa siku. Mvua ya masika ikipiga bati lisilo na dari, acheni kufundisha kwa sauti, andikeni agizo ubaoni, maana hapo hata waliotulia hawasikii.

Aliyeuliza kuhusu dawa: ni uamuzi wa daktari na mzazi, na kwa mtoto wa chini ya miaka 6 huanza mafunzo ya wazazi kabla ya dawa. Methailifenideti, dawa ya ADHD, ile ya muda mfupi hufanya kazi saa nne hivi na hukata hamu ya kula, kwa hiyo uji na chai vinywewe kwanza. Shule isimwambie mzazi "mpe dawa ndiyo tumpokee". Hiyo si kazi yenu.

Wazazi mliokataliwa kuandikiwa ile karatasi moja, wekeni hapa sababu mliyopewa, bila majina ya watoto.