Wasichana wetu wa Nyalenda wajifunzie wapi masaji na urembo?

Mlezi wa Vijana, Kisumu
Habari zenu. Ninasimamia kikundi cha wasichana hapa Nyalenda, wengi wao wakiwa walikatiza masomo baada ya kujifungua, na baadhi wangependa kujifunza masaji pamoja na utunzaji wa ngozi na kucha. Wazazi wanahofia kwamba masaji ni kisingizio cha mambo mengine. Je, tuwapeleke chuoni, au wajifunzie saluni kisha watafute cheti?

Mkandaji, Nakuru
Njia zote mbili zinakubalika. Aliyejifunzia kazini anaweza kufanya mtihani wa NITA, mamlaka ya taifa ya mafunzo ya viwandani, wa gredi ya tatu, kisha akapanda hadi ya pili na ya kwanza, na mamlaka hiyo ina kituo hapo hapo Kisumu. Kasoro ya saluni ni kwamba msichana huiga mikono ya mwenzake bila kufundishwa mwili wenyewe. Mteja akija na mguu mmoja uliovimba, wenye joto na maumivu, hakandwi hata akilipa mara mbili, kwa sababu huenda damu imeganda mshipani na bonge likasafiri hadi kwenye mapafu. Huyo anaelekezwa hospitalini. Mafuta makali kama ya lavenda nayo hayapakwi yenyewe, bali matone 12 hivi huchanganywa na mililita 30 za mafuta ya kawaida. Anayeshinda akifua taulo hafundishwi haya.

Mwalimu wa Ufundi, Kakamega
Naunga mkono chuo, mradi kiwe kimesajiliwa na TVETA, mamlaka inayosimamia vyuo vya ufundi. Ulizeni pia mtoto ataachwa na nani mchana, kwani hapo ndipo kina mama wachanga wengi hukwamia. Chini ya Katiba ya 2010 vyuo vya ufundi vya vijijini ni jukumu la kaunti, kwa hiyo suala la karo lifikisheni kwa mwakilishi wa wadi.

Mlezi wa Vijana, Kisumu
Asanteni sana. Na hofu ya wazazi je?

Mkandaji, Nakuru
Hofu hiyo ina msingi. Wapo waajiri wanaomlipa msichana kwa kamisheni pekee, kisha wanajifanya hawaoni mteja anapomkosea heshima. Wasichana wafundishwe tangu mwanzo kwamba mteja hufunikwa shuka, akafunuliwa sehemu inayokandwa tu, na kwamba wana haki ya kusimamisha kazi na kutoka chumbani. Kwa walio wachanga zaidi, ningeanza na kucha, kazi inayofanyiwa ukumbini mbele ya watu, masaji yakafuata baadaye.